Kutembea Amu kwa kufuata maji: kutoka Mkunguni hadi Shela na Takwa

Kundi la wageni likishuka gatini Lamu, matembezi yake hujulikana kabla hayajaanza. Watapelekwa Ngome, watapelekwa makumbusho, wataoneshwa milango ya nakshi, watapiga picha na punda, watakunywa juisi ya ukwaju, kisha watarudi hotelini. Yote hayo ni mazuri, na mwongoza wageni aliyeijua kazi yake huyafanya yakawa mazuri zaidi. Lakini mtu anaweza kuyaona yote na akaondoka bila kujua kwa nini mui huu ungali na watu, ilhali miji mingine mingi ya visiwa hivi vyetu imebaki kuta na mibuyu.

Sehemu kubwa ya jibu ni maji matamu. Makala haya yanaeleza matembezi ya siku moja ya kundi, yenye kiongozi, yanayoanza Mkunguni katikati ya Mji wa Kale, yakapita vichochoroni, yakafuata ufuo hadi Shela penye vilima vya mchanga, na kumalizikia Takwa katika kisiwa cha Manda. Yanaeleza kila kituo kina nini, wakati gani wa kwenda, na adabu gani za kushika. Yamekusudiwa wageni na wanaowaongoza, lakini pia sisi wenyewe: walimu wanaotaka kuwatoa wanafunzi darasani, vijana wa mitaa, na jamaa waliokuja likizo kutoka Mombasa, Nairobi au Ghuba.

Siku na saa

Matembezi haya hupangwa kwa maji ya bahari kwanza, saa ya ukutani baadaye. Sababu ni mbili. Njia ya kwenda Shela kwa miguu hupitika vizuri maji yakiwa yamepwa, na mkono wa bahari unaoingia Takwa kati ya mikoko hupitika kwa chombo maji yakiwa yamejaa. Akikosea hesabu, mtu hulowa suruali upande wa Shela, na upande wa Takwa hukwama matopeni akingoja maji yarudi.

Siku zinazofaa zaidi ni za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana kati ya asubuhi na adhuhuri, na hujaa alasiri. Kundi hupata asubuhi ya kutembea mjini, ufuo mpana wa kwendea Shela, na maji ya kutosha ya kuingilia Takwa jioni. Kadiri siku zinavyosogea mbele ya bamvua, saa ya kujaa husogea nayo, kama dakika 50 kila siku. Siku za maji mafu mpango hugeuka, na pengine ni bora kuanza na Takwa. Nahodha yeyote wa Amu atawaambia hesabu hii bila kufungua karatasi, basi muulizeni yeye kabla ya kutangaza siku.

Kuhusu majira, miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, bahari huwa tulivu lakini jua ni kali. Masika ya Aprili na Mei huleta mvua nyingi, na kusi ya Juni hadi Agosti huchafua mkondo kati ya Amu na Manda. Kwa miguu mtu anaweza kutembea karibu mwaka mzima. Kwa chombo, nahodha ndiye mwenye kauli ya mwisho, na akisema leo hapana, hapana.

Kundi lisizidi watu kumi au kumi na wawili. Sababu yake ni upana wa njia: vichochoro vingi vya Mkomani havipitishi watu wawili sambamba na punda mwenye mzigo. Kundi la watu thelathini likisimama kusikiliza maelezo, mtaa wote husimama. Wakiwa wengi, wagawike mara mbili, kila kundi na kiongozi wake.

Mkunguni na Ngome

Kituo cha kwanza ni Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, uliopewa jina la mikungu inayoutilia kivuli. Anzeni saa moja u nusu asubuhi, kabla jua halijachoma. Hapa ndipo wazee hukaa barazani wakazungumza, bao likachezwa, mikutano ikafanywa, na sokoni ni hatua chache tu. Kiongozi asianze kwa tarehe. Na awape watu dakika tano wakae kivulini, watazame nani anapita na amebeba nini.

Kisha Ngome. Ujenzi wake ulianza takriban 1813 na kumalizika 1821, kwa msaada wa Sayyid Said wa Oman. Chanzo chake ni vita vya Shela, vilivyopiganwa takriban 1812, pale majeshi ya Mazrui wa Mombasa pamoja na wa Pate yalipoteremka Shela kuja kuitwaa Amu, yakashindwa. Katika wakati huo Amu iliongozwa na watu mfano wa Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na mshairi kwa pamoja. Baada ya ushindi, Waamu waliogopa kisasi, wakaomba hifadhi ya Oman, na Ngome ikawa alama ya mapatano hayo. Kuanzia 1910 hadi 1984 jengo hili lilikuwa jela, na wapo wazee mjini wanaokumbuka wafungwa wakitolewa kwenda kazini. Baada ya hapo lilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa, na leo ni mahali pa maonyesho, arusi na mikutano.

Mbele ya Ngome, kiongozi awaulize watu swali moja: bahari iko wapi? Leo iko hatua kadhaa mbele, nyuma ya safu ya majengo. Lakini Ngome ilipojengwa ilikuwa ukingoni mwa maji. Ardhi iliyoko sasa kati yake na gati ilijazwa baadaye, kidogo kidogo, na nyumba za ufuoni zenye roshani zikajengwa juu yake katika karne ya 19. Ushahidi mwingine uko karibu na Ngome: Msikiti wa Pwani, unaohesabiwa kuwa wa 1370 na kutajwa kuwa mkongwe kuliko yote mjini. Leo hauko pwani. Jina limebaki mahali pake, bahari ndiyo iliyosogezwa.

Usita wa Mui na vichochoro

Kutoka Mkunguni fuateni Usita wa Mui, ambao wengine huuita Ndia Kuu. Njia hii inaufuata mji kwa urefu wake, kaskazini Mkomani na kusini Langoni. Mkomani ndiko kwenye nyumba nyingi za mawe za karne ya 18, nyakati ambazo Amu ilikuwa na neema ya biashara. Langoni kuna maduka mengi zaidi, na nyumba nyingi ni za baadaye. Zamani pande mbili hizi zilikuwa na ushindani mkali wa siasa, Zena na Suudi, na athari yake ilisikika hata katika ngoma na mashairi.

Mji wa Kale uliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Eneo lililoandikwa ni dogo, takriban hekta 16, na mtu huweza kulipita kutoka mwanzo hadi mwisho kwa muda mfupi. Lililoandikwa, hata hivyo, halikuwa mawe peke yake. Amu ilisifiwa kwa kuwa mji wa Waswahili ulio wa zamani na uliohifadhika kuliko yote Afrika Mashariki, na ambao watu wake wangali wakiishi ndani yake kwa desturi zao. Neno hilo la mwisho kiongozi na alisisitize. Watu wanaotazamwa wako nyumbani kwao.

Katika vichochoro onesheni mambo haya:

*Wikio.* Ni chumba kilichojengwa juu ya njia, kikiunganisha nyumba mbili za jamaa. Binti akiolewa, wazazi waliweza kumwongezea nafasi juu, hata juu ya njia ya watu. Wanawake nao walipita kutoka nyumba hadi nyumba bila kushuka njiani. Kwa mpitaji, wikio ni kivuli.

*Daka.* Ni ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili. Mgeni wa kiume hupokewa hapa, na akiwa si wa ndani, hapa ndipo anapokomea. Kundi likipita mbele ya daka wazi lisichungulie.

*Vyumba na upana wake.* Nyumba ya Kiamu ina vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: kiwanda kisicho na paa, kisha msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kila ukiingia, unaingia penye faragha zaidi. Vyumba havizidi sana mita mbili u nusu hadi tatu kwa upana, na sababu yake ni boriti. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na mkoko haubebi uzito wa chokaa na mawe kwa urefu wowote upendao. Basi mkoko wa mikondoni ndio uliokata kipimo cha nyumba. Mwenye kutaka kuona haya bila kuingilia nyumba ya mtu na aingie Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyorekebishwa kwa ajili hiyo. Humo ataona pia vidaka vya ukutani, vilivyochongwa kwa chokaa na kupambwa kwa sahani na vyombo vya thamani.

*Birika.* Hili hupitwa na wengi, na kwa matembezi yetu ndilo muhimu. Katika choo cha nyumba ya zamani kuna birika la kuhifadhia maji ya kuogea, na humo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Misikitini nako kuna visima na mabirika ya kutawadhia. Chini ya njia na kandoni mwake kuna mitaro inayopeleka maji machafu baharini. Ukiitazama hivyo, nyumba ya Kiamu imepangwa kwa kuzingatia faragha na maji: yaingie wapi, yakae wapi, yatoke wapi.

Yeyote aliyekulia Amu anajua kwamba visima vya mjini si vya kutegemewa kwa kunywa. Vingine ni vya chumvichumvi, na vingine viko karibu mno na mashimo ya vyoo. Maji ya bomba la mji hupigwa kutoka visima vya Shela. Huko ndiko tunakoelekea.

Kabla ya kuondoka mjini, vituo viwili vya kupitia. Cha kwanza ni Makumbusho ya Posta ya Wajerumani, katika Usita wa Mui. Posta hiyo ilifunguliwa Novemba 1888 na ikafungwa 1891, wakati Wajerumani walipokuwa na mkono wao Witu. Ni chumba kidogo, dakika kumi zatosha. Cha pili ni Msikiti wa Riyadha, Langoni, kazi ya Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akaja kukaa Amu na kuwafundisha watu wote, wakiwemo wageni na wanyonge ambao hawakuwa na nafasi penginepo. Wanafunzi wa Riyadha wametawanyika Afrika Mashariki nzima, na Maulidi ya Mfungo Sita huwarudisha kwa maelfu. Kundi lisimame nje kwa heshima. Wasio Waislamu wasiingie bila kualikwa, na kundi lolote lisiwe mlangoni wakati wa adhana.

Ufuoni hadi Shela

Kutoka gati ya Lamu hadi Shela ni kama kilomita tatu, mwendo wa dakika 40 au 45 kwa kundi lisilo na haraka. Ondokeni kama saa nne asubuhi, maji yakiwa yanapwa. Njia inapita Langoni, inaacha majengo, kisha inashika ufuo. Mkono wa kushoto ni mkondo, na ng'ambo ni Manda. Mkono wa kulia ni mashamba ya minazi na miembe, na nyumba mpya zinazoongezeka kila mwaka. Bebeni maji ya kunywa na kofia. Viatu viwe vya kuvulika.

Hapa kiongozi aeleze mwisho wa vita vya Shela, kwa sababu ndipo penyewe. Husimuliwa kwamba wavamizi waliposhindwa walikimbilia majahazi yao, wakayakuta yamelala mchangani: maji yalikuwa yamepwa. Wengi waliuawa ufuoni. Kwa miaka mingi baadaye watu waliokota mifupa mchangani na kuihusisha na siku hiyo. Kundi lililotembea juu ya ufuo huohuo maji yakiwa yamepwa litaelewa kisa hiki bila maelezo mengi.

Shela yenyewe ni mji mdogo wenye jina kubwa. Msikiti wake wa Ijumaa, wenye mnara mweupe uliochongoka, ni wa 1829. Nyumba zake nyingi za mawe zilikuwa magofu, na nyingi zimenunuliwa na kujengwa upya na watu wa nje, hasa kutoka Ulaya. Wapo wanaosema hilo limeuokoa mji, na wapo wanaosema limewasukuma wenyewe nje. Kiongozi mwaminifu ataeleza kauli zote mbili. Mafundi wa chokaa na wachongaji wa milango wamepata kazi kwa sababu ya nyumba hizo, na vijana wa Shela hawana tena uwezo wa kununua kiwanja walikozaliwa. Yote mawili ni kweli.

Vilima vya mchanga

Nyuma ya Shela unaanza ufuo wa karibu kilomita 12, na juu yake vilima vya mchanga vyenye majani na vichaka. Mgeni huona mahali pa kupiga picha jua likizama. Mwenye kiwanja huona mandhari ya kuuza. Ukweli ni kwamba anayesimama pale amesimama juu ya tangi la maji la Amu.

Linavyofanya kazi si vigumu kueleza. Mvua ikinyesha juu ya mchanga haitiririki, huzama. Ikizama inakuta chini maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, basi hayachanganyiki upesi bali huelea juu yake, yakafanya kama sahani nene iliyozama katikati ya kisiwa. Wataalamu wana kipimo cha jambo hili, kinachoitwa kwa majina ya Ghyben na Herzberg: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyoko juu ya usawa wa bahari, huwapo takriban mita 40 chini ya usawa huo. Kipimo hiki kina neema na hatari kwa pamoja. Neema, kwa sababu kilima kidogo huweza kuhifadhi maji mengi. Hatari, kwa sababu ukiyashusha maji ya juu kwa mita moja kwa kupiga pampu kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini mara nyingi zaidi ya hapo. Na chumvi ikishaingia kisimani, kuitoa ni kazi ya miaka mingi ya mvua.

Vitu vitatu huliharibu tangi hili. Cha kwanza ni kupiga maji mengi kuliko mvua inayoingia. Cha pili ni kujenga juu yake: nyumba ina shimo la choo, na mchanga uleule unaopitisha mvua hupitisha na uchafu. Cha tatu ni kuondoa mchanga wenyewe na majani yanayoushika, kwa sababu mchanga ukiisha, pa kuzamia mvua pameisha. Eneo la vilima limehifadhiwa kisheria kwa ajili ya maji, lakini migogoro ya viwanja na ujenzi imekuwa ikizuka mara kwa mara, na kila mwenye hati huja na maelezo yake. Mji unaongezeka watu. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, huvuta watu zaidi upande wa bara. Mahitaji ya maji hayatapungua.

Kwa hivyo kundi liwe na adabu zake hapa. Liende kwa njia moja iliyokwisha kukanyagwa. Lisipande kilima kwa mbio wala kuteleza juu ya majani. Lisiache chupa wala taka. Saa ya jua kali si lazima kupanda, kusimama chini ya kilima na kueleza kunatosha. Kisha rudini Shela kwa adhuhuri: wenye kusali wasali, wote wale. Chakula kiagizwe kwa mama wa mtaani badala ya kila siku hoteli ileile, ili faida ya matembezi ifike mitaani.

Takwa

Saa nane u nusu hivi, maji yakiwa yanajaa, pandeni mashua kuelekea Manda. Chombo kinavuka mkondo, kinaingia mkono mwembamba wa bahari, mikoko pande zote mbili. Safari ni kama nusu saa kwa mashine, zaidi kwa tanga. Mkikanyaga nchi kavu, mnatembea kidogo mpaka mnaona mibuyu, na kati ya mibuyu, kuta.

Takwa ni mji uliostawi katika karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa. Leo ni hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, takriban hekta 5 za magofu, nyasi na miti mikubwa. James Kirkman aliufukua mwaka 1951. Msikiti wake wa Ijumaa ungalipo, na juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo, jambo lisilo la kawaida. Nyumba zake zilielekezwa kaskazini, upande wa Makka, na wengi hulihusisha hilo na jina lenyewe, takwa, uchaji Mungu. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la mnara lenye maandishi ya mwanzoni mwa miaka ya 1680.

Kwa nini watu waliondoka? Hutajwa sababu mbili: ugomvi na miji jirani, hasa Pate, na visima kuingia chumvi. Huenda zote zilikuwapo, kwani penye shida ya maji ugomvi hauko mbali. Manda mpaka leo ni kisiwa chenye taabu ya maji matamu. Simulizi za wenyeji husema watu wa Takwa walivuka mkondo wakaenda kukaa Shela, yaani walihama kutoka penye chumvi wakafuata vilima vya mchanga.

Na kuna jambo moja ambalo kiongozi asiliache. Watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kuvuka kuja Takwa kwenye kaburi lile la mnara, kusoma dua na kuomba mvua. Waliohama kwa sababu ya maji hurudi kwa wazee wao kuombea maji. Mbele ya kaburi hilo, basi, kundi literemshe sauti, na asikae mtu juu ya kuta. Kwa watu wa Shela, hapa pana wazazi wao.

Ondokeni kabla maji hayajaanza kupwa sana. Nahodha akiita, hakuna picha ya mwisho.

Anayeongoza na anayeongozwa

Kuna mambo machache ambayo yakizingatiwa, matembezi haya yatafaa mji.

Mwongoza wageni awe na kitambulisho cha kazi na bei iliyotajwa mapema, kwa kundi zima. Bei inayozuka mwishoni huharibu jina la mji kuliko la mtu mmoja. Naye alipwe haki yake: anayejua mitaa, misikiti, majina ya wazee na hesabu ya maji ana elimu, na elimu haiombwi bure kwa sababu tu mwenye nayo ni kijana wa hapa.

Kiongozi asibuni. Yapo masimulizi matamu yanayotungwa kwa ajili ya wageni, kila mlango ukapewa sultani wake na kila kichochoro jini lake. Kinachosimuliwa kisemwe kuwa kinasimuliwa, na kinachojulikana kisemwe kuwa kinajulikana. Mgeni hapungukiwi na kitu kwa kuambiwa ukweli.

Wageni wavae nguo za kufunika mabega na magoti wakiwa mjini. Picha ya mtu iombwe kwanza, na mwanamke akisema hapana au akigeuza uso, neno limekwisha. Punda mwenye mzigo apishwe: mgeni ajibane ukutani, asimame, punda apite. Mji hauna barabara za magari, na saruji, mawe na vyakula vyote hupita kwa mgongo wake au kwa mkokoteni. Tangu 1987 kuna hospitali ya punda mjini, na wenye kupenda wanaweza kuitembelea badala ya kuwalisha punda peremende.

Siku ya Ijumaa mchana msifanye matembezi mjini. Mwezi wa Ramadhani mnaweza kutembea asubuhi, lakini msile wala kunywa njiani.

Kwa watu wa mji

Tumezoea kudhani kwamba matembezi ya kuongozwa ni ya wageni. Lakini mwanafunzi wa Lamu anayeweza kutaja mlima mrefu wa Afrika huenda hajawahi kukanyaga Takwa, na anafungua bomba kila asubuhi bila kujua maji yanatoka chini ya mchanga gani. Siku shauri la vilima litakapoletwa tena mbele ya baraza au mahakama, tutahitaji watu waliowahi kusimama pale wakaelezwa. Atakayesema wakati huo ni yule anayejua.

Gharama yake si kubwa kwa wenyeji: miguu, mashua ya kuchangiana, ada ya kuingilia, na mzee mmoja anayekubali kufuatana na vijana siku nzima. Walimu wanaweza kuanza na kipande kimoja, Mkunguni hadi Riyadha, wiki nyingine Shela, na bamvua ya mwezi unaofuata Takwa.

Ratiba kwa ufupi, siku ya bamvua

Saa 1:30 asubuhi: Mkunguni, kukaa na kutazama.
Saa 2:30: Ngome, Msikiti wa Pwani, Usita wa Mui, Nyumba ya Kiswahili, Posta ya Wajerumani, Riyadha kwa nje.
Saa 4:00: kuondoka kwa ufuo kwenda Shela.
Saa 5:00: Shela na chini ya vilima vya mchanga.
Saa 6:30 mchana: sala, chakula, mapumziko.
Saa 8:30: mashua kwenda Takwa.
Saa 9:00 hadi 10:15: Takwa.
Kabla ya magharibi: kurudi gatini Lamu.

Saa za mashua zithibitishwe na nahodha siku moja kabla. Na kila mmoja abebe chupa ya maji aliyoijaza Amu. Akifika Takwa ainywe hapo, karibu na visima vya watu waliohama.